Msilete tingatinga bado

Ndugu uliyeuliza kama wiki hii msafishe kifusi cha kanisa lenu lililoungua ili mwanze kujenga, kwanza poleni sana. Kanisa letu la zamani nalo liliteketea usiku, baada ya mafundi kuchomelea bati la paa mchana. Waliondoka bila kuona moshi wowote, kumbe cheche ilikuwa inafukuta kwenye mbao kavu.

Sisi tingatinga lilikuja siku ya tatu. Hilo linaniuma kuliko hata moto.

Rejesta za ubatizo na ndoa zilikuwa kwenye kabati la mbao nzito. Kabati liliungua kwa nje tu. Vitabu vililoa maji ya zimamoto. Karatasi iliyoloa huanza kuota ukungu ndani ya siku mbili hivi. Ukiifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuigandisha kwenye friza, ukungu unasimama mpaka umpate mtaalamu wa kuikausha. Hatukulijua hilo, tukazianika juani. Kurasa ziligandamana, na ndoa ya babu na bibi yangu ikatoka vipandevipande.

Hata kenchi, zile mbao za kubeba paa, tulizitupa. Boriti nene ikiungua hujifunika ganda la mkaa, na ganda hilo hukinga kiini. Fundi seremala alikwangua kipande kilichobaki uani: ndani mbao nzima, bado inanukia. Jiwe silo la kuaminiwa hivyo, kwani linaweza kusimama wima huku limepasuka ndani, kwa hiyo asiingie mtu kabla mhandisi hajakagua kuta. Akiruhusu, vaeni barakoa, maana majengo ya zamani huweza kuwa na madini ya risasi au asbesto, ambayo vumbi lake ni sumu.

Kanisa kuu la Notre-Dame la Paris, Ufaransa, liliungua tarehe 15 Aprili 2019. Mabaki yalikusanywa na kuchambuliwa, hata mbao zilizoungua watafiti wakazichunguza, na kanisa likafunguliwa tena Desemba 2024. Fedha kama zile hatukuwa nazo, lakini ndoo, penseli na simu ya kupigia picha tulikuwa nazo.

Waiteni pia wazee mapema, wawaonyeshe kila kitu kilikaa wapi. Kwetu alikuwepo mmoja aliyejua pembe ya ukuta ulimofukiwa mkebe wenye majina ya waanzilishi. Alifika siku ya nne, akaikuta pembe ile imeshachotwa na kupakiwa kwenye lori.