Kusomea visukuku vya mamalia ukiwa Mbeya: kazi yenyewe ikoje?

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako aliyemaliza kidato cha sita hapo Mbeya anaweza kuishi kwa kazi ya kutafiti wanyama wa kale, au ni ndoto za kwenye TV tu. Mimi ni mtu wa Songwe, nimesoma jiolojia, na ajira yangu miaka yote imekuwa visukuku vya mamalia, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe. Inawezekana, ila kwanza mtoe kwenye mawazo ya mifupa mikubwa.

Kazi hii ni meno. Mfupa huoza, hutafunwa, husagwa na mto. Enameli, lile gamba la nje la jino, ni ngumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, kwa hiyo ndiyo inayobaki. Wengi wa mamalia wa zamani tunawafahamu kwa kipande cha taya na meno machache. Huko Galula, mkoani Songwe, kwenye miamba ya zama za dinosaria, taya moja ya chini ndiyo iliyozaa jina la Galulatherium mwaka 2019, mnyama ambaye meno yake yaliendelea kuota maisha yote. Taya moja tu, mkuu, na wataalamu wameibishania miaka.

Watu wa huku tunajivunia Kimondo cha Mbozi, na sawa, ni kizuri. Lakini kwangu mimi habari kubwa iko bonde la Nsungwe. Mwaka 2013 timu ya mtafiti wa visukuku Nancy Stevens ilitangaza humo Rukwapithecus, wa upande wa sokwe, na Nsungwepithecus, wa upande wa nyani na tumbili. Umri wao ni miaka milioni 25.2, uliopimwa kwenye tabaka za majivu ya volkano zilizolala katikati ya miamba hiyo. Humohumo kuna pimbi, sengi (vinyama vidogo vyenye pua ndefu), na panya aliyepewa jina Kahawamys mbeyaensis. Ndiyo, kahawa yetu hiyohiyo.

Sasa mazingira ya kale tunayajuaje? Hapo ndipo utamu ulipo. Vyura na kaa wa maji baridi wanakuambia palikuwa na maji. Mchanga wenyewe unakuambia kama ni mto uliokuwa ukikimbia au dimbwi lililotulia. Jino fupi lenye vilima ni la mla matunda na majani laini. Jino refu lililolika likawa bapa mara nyingi ni la mla nyasi. Ukikwangua unga kidogo wa enameli ukaupima maabara, kaboni iliyomo inaonyesha mnyama alikula majani ya miti au nyasi za nchi za joto, kwa sababu nyasi hizo hubeba zaidi kaboni ya aina nzito. Yaani menyu ya mnyama aliyekufa kabla binadamu hajawapo.

Fildi yenyewe ni kiangazi, nyasi zikishakauka na mito ikashuka, kingo zikaonekana. Unatembea umeinama. Ukipata kitu dhaifu unakifunga plasta na vipande vya gunia, kama mguu uliovunjika, ndipo unakitoa. Mengine ni viroba vya udongo: kuloweka, kuchekecha majini, kukausha, kisha kuchambua punje kwa punje. Na kabla ya yote hayo kuna kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), leseni ya Idara ya Mambo ya Kale, na kujitambulisha kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji. Hili la mwisho usilidharau. Ukionekana unachimba bila maelezo, kijiji kizima kitajua umekuja kufukua mali za Mjerumani, na hata ukiwaonyesha jino la panya watasema umeficha kitu.

Njia ya masomo: jiolojia au zuolojia kwanza, visukuku baadaye kwenye shahada ya uzamili, mara nyingi nje ya nchi kwa ufadhili. Mimi napendekeza jiolojia. Asiyejua tabaka atakusanya meno mazuri yasiyo na umri. Pia ukikosa utafiti, mgodini utapokelewa; wenzangu wengi wako Kanda ya Ziwa kwenye dhahabu na wanakula vizuri kuliko mimi. Fedha za utafiti huja kwa msimu, zikiisha unafundisha au unasubiri.

Kwa sasa ampitie Isimila, pale Iringa kando ya barabara ya kuja Mbeya. Watu humaliza na nguzo za udongo na kupiga picha. Yeye aulizie mabaki ya kiboko wa kale aliyepatikana pamoja na zana za mawe. Halafu aandike barua pepe kwa wahadhiri wa UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) aombe kujitolea kuchambua mchanga. Mpe onyo kuwa ni sinia, kibano na hadubini kutwa nzima. Akikaa wiki moja na bado anataka, ni-PM nimuunganishe na watu wa msimu ujao.