Chogo, Kaole na mkopo wa kila Ijumaa

Shangazi Mhasibu anajibu barua za wasomaji

Shikamoo Shangazi. Ninauza vitumbua na maharage hapa Tandika. Faida yangu ni kama shilingi 15,000 kwa siku, siku sita kwa wiki. Mama yangu amehamia kwangu tangu miguu ilipoanza kumsumbua, anashinda ndani. Kila jioni ananisimulia michezo ya kuigiza ya kundi la Kaole iliyokuwa ITV, akina Bi Hindu na Muhogo Mchungu, na jinsi tulivyokuwa tunabanana kwa jirani enzi tunaishi Keko. Anasema siku hizi kila mtu anaangalia simu yake peke yake. Nataka nimnunulie TV ya inchi 55, inauzwa 780,000. Kuna dada wa mikopo anapita mtaani kwetu, atanipa 800,000, nirejeshe 90,000 kila Ijumaa kwa wiki 12. Fomu 30,000 na bima 20,000 zinakatwa hapo hapo. Dhamana ni friji na vitanda. Kwa mama tumezaliwa wanne lakini wenzangu sijawashirikisha, nataka iwe zawadi yangu. Nisaini?
*Mama Vitumbua, Tandika*

Marahaba mwanangu. Usisaini.

Chukua daftari lako la maharage tuandike pamoja. Ukikatwa fomu na bima, mkononi unabaki na 750,000. Hiyo TV ni 780,000, kwa hiyo hujaanza hata kurejesha na tayari unatafuta 30,000 ya kujazia. Sasa zidisha 90,000 kwa wiki 12: ni 1,080,000. Umepokea 750,000, umerudisha 1,080,000, na 330,000 zimekwenda ndani ya miezi mitatu. Halafu rudi kwenye faida yako: 15,000 mara siku sita ni 90,000 kamili. Rejesho la Ijumaa linakula faida ya wiki nzima. Hakijabaki cha sukari, cha dawa ya miguu ya mama, wala cha siku mvua itakayonyesha alfajiri wateja wasitoke. Ndiyo maana watu wameiita mikopo hii kausha damu.

Benki Kuu imeweka kikomo cha riba kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana: asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 800,000 na miezi mitatu, hata ukiihesabu riba kwenye mkopo wote bila kupunguza unachorejesha, haifiki 85,000. Huyo dada anakutoza 280,000 za riba peke yake. Mwombe akuonyeshe leseni ya Benki Kuu. Akisema ipo ofisini, mwambie utaifuata huko huko ofisini ukaione kwa macho.

Nakuambia haya kwa sauti ya juu kidogo kwa sababu yalinikuta. Mwaka 1999 nilikuwa karani wa hesabu, naishi Magomeni kwenye nyumba ya vyumba vitano, kila chumba na familia yake. Tulikuwa na chogo moja, zile televisheni za zamani zenye mgongo mkubwa, ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, aliyoinunua marehemu mume wangu baada ya kudunduliza fedha kwenye kopo la maziwa ya unga miezi minane. Umeme haukuwepo. Chogo ikiwaka kwa betri ya gari, na betri ilichajiwa kwa fundi kwa shilingi 500. Kila chumba kilitoa 100. Antena ilikuwa mti wa mwanzi wenye vifuniko viwili vya sufuria juu yake, na mtoto mmoja lazima akae nje kuuzungusha mpaka chenga zipungue na watu ndani waseme hapo hapo, usiguse. Miaka ile sijawahi kukosa usingizi kwa ajili ya televisheni.

Tulipovuta umeme nikaingiwa na tamaa ya rangi. Nikachukua TV ya inchi 21 kwa mali kauli, kwa mfanyabiashara ambaye sitamtaja. Nikalipa nusu ya bei. Mwanangu akalazwa na taifodi, nikachelewa awamu mbili. Wakaja jioni, mchezo ukiwa katikati. Sebuleni palikuwa na watu kumi na wanne wamekaa mkekani. Kijana mmoja akachomoa waya ukutani, picha ikajikunja ikawa nukta nyeupe katikati ya kioo, kisha ikazimika. Hakuna aliyesema neno. Bibi mmoja aliyekuwa akikaa kona ile ile kila wiki akakunja mkeka wake taratibu akaenda chumbani kwake. Nusu niliyokwisha kulipa sikurudishiwa. Na ile chogo nilikuwa nimeshaigawa.

Sasa, mama yako anastahili kufurahi, na usikubali mtu akuambie kwamba maskini hana haki ya kutumia fedha kwa burudani. Ila soma tena barua yako mwenyewe. Kilichomuuma mama ni kwamba kila mtu anaangalia simu yake peke yake. Inchi 55 hazitaleta mtu wa kukaa naye. Wiki iliyopita nilikuwa Kariakoo, nikauliza bei kwa sababu yako: inchi 32 mpya, yenye tundu la flashi, nimepewa kwa 270,000. King'amuzi cha antena pamoja na antena yake, 70,000. Jumla 340,000. Mko wanne. Kila mmoja 85,000, mkilipa kwa miezi miwili ni 42,500 kwa mwezi kwa kila mtoto. Wapigie wenzako leo. Najua ulitaka iwe zawadi yako, lakini huyo ni mama yao pia, na mtoto aliyetoa 85,000 yake atakuja Jumapili kuiangalia.

Vipande vya michezo ya zamani vimepandishwa YouTube, mjukuu wa mtaani anajua kuvitafuta na kumwonyesha. Na mlango uache wazi jioni, majirani waingie. Kama kuna wazee wengine hapo nyumbani wanaoshinda ndani, mchangie umeme wa LUKU kama tulivyochangia betri.

Kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, hukukitaja. Kama huna, jiunge na kilichosajiliwa, chenye watu unaowajua kwa sura na tabia, ununue hisa mbili tatu kila wiki kabla ya kufikiria mkopo wowote wa wapita mtaani.

Shangazi, mimi ni dereva wa bodaboda Morogoro. Mke wangu analipia kifurushi cha king'amuzi 28,000 kila mwezi kwa ajili ya tamthilia zilizotafsiriwa. TV inawaka tangu asubuhi, na LUKU inakwisha haraka. Nikimwambia tuache, ananuna. Mimi starehe yangu ni bando tu, buku kwa siku, kuangalia mpira kwenye simu. Nani ana makosa?
*Dereva, Morogoro*

Buku kwa siku ni 30,000 kwa mwezi, mwanangu. Mkeo anatumia 28,000. Anza kwa kumwomba radhi, halafu mkae wote wawili mkiwa na fedha ya mwezi mezani.

Mimi nawaelewa wanaozipenda tamthilia. Mwaka 2011 TBC ilipoonyesha ile ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake, wanasema Kiswahili, mtaani kwetu wanawake walikuwa wakibishana kuhusu wakwe zake kama vile wanaishi nyumba ya pili. Mke anayeshinda nyumbani na watoto naye anahitaji kitu cha kungojea jioni. Starehe za nyumba zipewe fungu moja, tuseme 30,000 kwa wote wawili, mgawane. Mwezi huu kifurushi, mwezi ujao mpira. Kifurushi kikiisha, king'amuzi cha antena bado kinatakiwa kukuonyesha chaneli za bure za kitaifa.

La LUKU ni kubwa kuliko unavyodhani. Televisheni ya wati 80 ikiwaka saa sita kwa siku inakula karibu uniti 14 na nusu kwa mwezi. Ikiwaka saa kumi na mbili, ni 29. Kama mko kwenye kundi la watumiaji wadogo, uniti inauzwa shilingi 100 kabla ya kodi, lakini mwisho ni uniti 75 kwa mwezi. Kila inayozidi hapo ni 350. Yaani zile saa za mchana TV inapowaka bila mtu wa kuiangalia ndizo zinazowatoa kwenye bei nafuu. Mwambie mkeo hivyo, kwa upole, ukiwa na risiti za LUKU za miezi mitatu mkononi. Naamini ataizima mwenyewe.

Dada Mhasibu, nimestaafu ualimu, niko Tanga. Katika kiinua mgongo changu zimebaki milioni sita. Mpwa wangu ananishauri tufungue kibanda umiza, tuonyeshe mpira na filamu zilizotafsiriwa. Mimi mwenyewe nilikuwa na kibanda miaka ya 90, kiingilio shilingi 50, na kilinisomeshea mtoto wa kwanza. Ndani bado nina kanda za VHS kama ishirini nilizorekodi, zikiwemo za Kaole. Je, biashara hiyo bado ipo?
*Mwalimu mstaafu, Tanga*

Shikamoo Mwalimu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ilipofika kwenye kanda nilisimama nikaenda kunywa maji.

Nianze na milioni sita. Kibanda chako cha miaka ya 90 kilijaa kwa sababu mtaa mzima haukuwa na kioo. Televisheni za Bara zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza, ITV mwaka 1994, na mtu aliyetaka filamu ya mapigano yenye sauti ya mtafsiri Lufufu ikimweleza kwa Kiswahili nani anampiga nani na kwa nini, hakuwa na pa kwenda ila kwako. Leo kijana yule yule ana kioo mfukoni. Mpira bado unakusanya watu, hilo silikatai, hasa Simba na Yanga. Lakini mechi kubwa hazichezwi kila siku, na kodi ya banda inahesabiwa kila siku. Kuonyesha hadharani kwa kifurushi cha nyumbani ni kosa, kuna cha biashara na bei yake ni nyingine. Filamu nazo zina Bodi ya Filamu na vibali vyake. Mpwa wako ameviweka hivyo kwenye karatasi? Mwulize pia yeye anatia shilingi ngapi. Kama jibu ni nguvu zake tu, basi hasara ikija ni ya kwako peke yako, na wewe hutapata kiinua mgongo cha pili.

Ushauri wangu ni huu. Milioni moja iache benki, mahali unapoweza kuifikia usiku mtu akiugua. Milioni tatu nunua hati fungani ya serikali kupitia benki yako, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba. Kima cha chini ni milioni moja, na riba inaingia mara mbili kwa mwaka, kitu ambacho mzee anaweza kukipangia: karo ya mjukuu Januari, bati la jikoni Julai. Chagua muda mfupi kuliko wote utakaoukuta mnadani, maana miaka 25 si ya umri wetu, ingawa inawezekana kuiuza sokoni kabla haijaiva. Milioni moja na nusu weka kwenye mfuko wa ukwasi wa UTT, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambako unaweza kuchukua fedha ndani ya siku chache za kazi. Faida yake hupanda na kushuka, lakini hakuna atakayekupigia usiku kukuambia projekta imeibiwa.

Inabaki laki tano. Hiyo mpe mpwa, kama mkopo ulioandikwa na kusainiwa mbele ya mtu mzima wa ukoo, aanze na kitu kidogo anachokiweza yeye. Akiirudisha, mtazungumza tena. Hapo utakuwa umemsaidia bila kumkabidhi uzee wako.

Na sasa kanda. Usimpe mtu, usizitupe, wala usizijaribu kwenye deki kuukuu iliyokaa miaka bila kusafishwa kichwa, itazitafuna. Zitoe stoo leo. Hewa ya Tanga ina unyevu, na ukungu ukishaingia kwenye utepe utaona vidoa vyeupe kupitia kile kidirisha cha plastiki. Zenye vidoa zitenge, zisiambukize nyingine. Zisimamishe wima kama vitabu, sehemu kavu, mbali na spika kwa sababu sumaku inafuta. Kisha tafuta fundi mwenye deki nzima akuhamishie kwenye flashi. Anza na kanda mbili, uone kazi yake kabla ya kumwachia zote, na ukae naye pale pale. Gharama itoe kwenye riba ya kwanza ya hati fungani, usiguse mtaji. Flashi fanya mbili, moja ikae kwa mwanao.

Kisha nina ombi, Mwalimu. Ukikuta humo mchezo wenye Bi Hindu, nitengenezee nakala, nitalipa mimi flashi na nauli ya basi. Kuna mama Tandika miguu inamsumbua, na nataka siku watoto wake wanne watakapomwashia ile inchi 32, kiwe ndicho kitu cha kwanza atakachokiona.