S-Class kuanzia W116 hadi W223: mambo ya kushika kwa fundi anayeanza

Kabla ya kufungua boneti ya Mercedes-Benz S-Class, soma namba ya chesisi. Kwa magari ambayo hayakutengenezwa kwa soko la Marekani, tarakimu tatu zinazofuata WDB au WDD ndizo jina la kizazi: 126, 140, 220, 221, 222, ambazo huandikwa W126, W140 na kuendelea. Usiagize kipuri kwa kuangalia maandishi ya nyuma tu. S500 ya 1995 na S500 ya 2007 hazifanani injini, giaboksi wala umeme.

Kila kizazi kilikuja na uvumbuzi wake, na mara nyingi uvumbuzi huohuo ndio unaolirudisha gari karakana likishazeeka. Anza uchunguzi wako hapo.

W116 ya 1972 ndiyo ya kwanza kuitwa rasmi S-Klasse. Mwaka 1978 ikapata breki za ABS (zinazozuia magurudumu kujifunga) zilizotengenezwa pamoja na Bosch. W126, iliyoifuata 1979, ndiyo nzuri kujifunzia, maana sehemu kubwa ya hitilafu zake unaziona kwa macho. Milango ikikataa kujifunga yote kwa pamoja, usikimbilie swichi: kufuli zake zinavutwa kwa upepo wa pampu, kwa hiyo tafuta kwanza kimpira kilichopasuka. Ukikutana na W126 ya injini ya 380 ya miaka ya mwanzo ya themanini, hasa iliyotoka Marekani, hakikisha cheni ya taimingi si ya safu moja. Hiyo hulegea na kukatika, na ikikatika valvu hugongana na pistoni.

W140 ya 1991 ilileta vioo vya tabaka mbili na V12 (injini ya silinda 12) ya kwanza ya kampuni hiyo kwenye gari la abiria. Ugonjwa wake mkubwa ni nyaya. Zile za injini za takriban 1992 hadi 1995 zilivikwa ganda linalooza kwa joto. Gari linatetemeka likiwa sailensa (injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta), linakosa moto, kompyuta inatoa kodi (namba za hitilafu) zisizoeleweka. Tafuta kibandiko chenye tarehe kwenye fungu la nyaya, kisha kunja waya mmoja taratibu karibu na soketi. Ganda likimeguka kama biskuti, badilisha fungu lote. Kuzungushia utepe ni kuahirisha shoti, na shoti hiyo inaweza kuua kompyuta ambayo ni ghali kuliko nyaya zenyewe.

Kwenye W220 ya 1998 ndiko wanaoanza wanakopoteza fedha za wateja. Kwa magari mengi ya kizazi hiki springi za chuma zilitolewa, ikawekwa miguu ya hewa ya Airmatic, yaani shokabzoba zenye mfuko wa hewa. Gari likilala, wengi hununua kompresa (pampu ya hewa) mpya moja kwa moja. Kwa kawaida kompresa imekufa kwa sababu hewa inavuja kwingine, ikalazimika kufanya kazi bila kupumzika. Ukifunga mpya bila kuziba uvujaji, nayo itaungua. Pima kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi, pembe zote nne, andika, acha gari usiku kucha, pima tena. Pembe moja ikishuka peke yake, shuku mguu wake au bomba lake. Pulizia maji ya sabuni juu ya mguu, kwenye maungio na kwenye bloku ya valvu. Ukibadilisha kompresa, badilisha na relei yake (swichi ya umeme inayoiwasha), kwani kontakti zilizogandana huiacha ikizunguka bila kukoma. Usishushe uzito wa gari juu ya mguu usio na hewa. Mpira hujikunja na kuchanika. Na usiingie chini ya gari hili likiwa juu ya jeki pekee: linaweza kujishusha lenyewe.

W220 hiyohiyo hupenyeza oili ya giaboksi kupitia plagi ya pini 13. Oili hupanda ndani ya nyaya hadi kwenye kompyuta ya gia. Plagi ni ya bei ndogo, ibadilishe mapema. Mrija wa kupimia hauna kijiti, tumia kile cha karakana, na soma kipimo cha oili iliyofika nyuzi joto 80. Redio, simu na ramani zikinyamaza kwa pamoja, kumbuka zimeunganishwa kwa nyuzi za mwanga kwa mzunguko. Kifaa kimoja kikifa, vyote huzimika. Kiruke kimoja kimoja kwa kiunganishi cha kurudisha mwanga mpaka sauti irudi.

W221 ya 2005 ukiipata na kodi za kamshafti upande wa kulia na wa kushoto kwa wakati mmoja, usianze kubadilisha sensa. Kwenye injini za V6 za aina ya M272 za mwanzo, meno ya gia ya shafti ya mizani (inayopunguza mtetemo) huisha. Kwenye V8 za M273 huisha gia ya kati ya cheni. Linganisha namba ya injini na orodha ya mtengenezaji kabla ya kumtajia mteja bei, maana kwenye V6 kazi hiyo inataka injini itoke.

W222 ya 2013 haina balbu hata moja ya waya, taa zote ni LED. W223 ya 2020 inaweza kuwa na magurudumu ya nyuma yanayokata kona hadi digrii 10, kwa hiyo hakikisha gari limezimwa kabla ya kupitisha mkono nyuma ya tairi hizo.