Kadi 50, na bado anakwama kwenye "said"

SWALI: Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka 6. Kiswahili anasoma vizuri tu, anaunganisha silabi bila shida. Kiingereza ndicho kinachomtoa jasho: "one" anaisoma kama ya "tuone", na "said" anaisoma "sa-i-di". Nimemtengenezea kadi 50 za maneno haya madogo madogo, kila jioni tunakaa nazo, na sasa akiziona tu analia. Kuna michezo gani ya kumfundishia?
Mama aliyechoka

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza zifiche hizo kadi, ubaki na 5.

Binti yako hakosei hovyo. Amefundishwa kwamba kila herufi husomwa ilivyo, naye anatii. Kwa hiyo kabla ya mchezo, kaa naye na neno lenyewe. Tamka "said", naye ahesabu sauti kwa vidole: tatu. S iko mahali pake mwanzoni, d iko pake mwishoni. Wakorofi ni hao "ai" wa katikati, wanaojifanya e. Wapigie mstari mwekundu. Cha kukariri ni hao wawili tu.

Edward Dolch, Mmarekani aliyechapisha mwaka 1936 orodha yake ya maneno 220 ya Kiingereza yanayojirudia sana kwenye vitabu vya watoto, kama hayo yenu, hakuweka nomino humo, alizitenga kwingine. Ndipo ugumu ulipo. "Dog" unamchora, lakini "was" utaichoraje?

Mchezo nilioupenda kuliko yote ni wa tochi. Bandika maneno yenu 5 ukutani, zima taa, mpe tochi. Taja neno, alisake kwa mwanga, na akilipata alisome kwa sauti. Akikosea, usimwambie "hapana". Mulika herufi ya kwanza, umuulize inatoa sauti gani. Akishazoea, weka "saw" kando ya "was" uone atakavyotulia kutazama. Kisha geuzeni: yeye ataje, wewe usake, na mara mojamoja ukosee makusudi. Hakuna raha kwa mtoto kama kumsahihisha mtu mzima, na ili akusahihishe lazima asome. Mchana andikeni maneno hayohayo sakafuni kwa chaki, awe anarukia unalolitaja.

Ila kadi zina hila. Kuna mtoto alinisomea "come" mwezi mzima bila kusita, mpaka siku nilipoiandika ubaoni, akaduwaa. Kadi ile ilikuwa na kona iliyokunjika. Kumbe alikuwa akisoma kona! Tangu hapo maneno nayaandika upya kila wiki, kwa kalamu nyingine.

Dakika 10 kwa siku zinatosha. Neno akilisoma siku tatu mfululizo bila kusita, libandue, bandika jipya. Hizo 45 ulizoficha zitapata zamu yake.