Beji ya mionzi: kwa wewe unayeanza kazi eksirei

Usiingie zamu kabla hujapewa beji yenye jina lako, inayopima mionzi unayopata kazini. Tanzania beji hizi ni za TLD (aina ya kipima mionzi), husomwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, kwa kawaida kila miezi mitatu. Ndani mna vipande vidogo, mara nyingi vya lithiamu floridi, vinavyotunza nishati ya mionzi. Vikipashwa moto maabara hutoa mwanga, na mwanga huo ndio unaopimwa. Kwa hiyo usiiache kwenye gari juani, kwani joto linaweza kufuta sehemu ya kilichorekodiwa.

Vaa kifuani, ndani ya aproni ya risasi (vazi la madini ya risasi linalokinga mionzi), uso ukitazama mbele, isizibwe na kitambulisho. Anayefanya kazi kwenye C-arm (mashine ya eksirei yenye mkono wa umbo la C) adai beji ya pili, ya kuvaa nje ya aproni shingoni. Hiyo hukadiria dozi, yaani kiasi cha mionzi, ya macho. Ziandike "ndani" na "nje", maana zikibadilishana ripoti itaonyesha kana kwamba aproni haikingi kitu.

Kosa linalorudi kila robo ni aproni kutundikwa ndani ya chumba cha picha, beji ikiwa imebanwa humo humo. Wewe umeshakwenda nyumbani, beji bado inapigwa na mionzi inayotawanyika kutoka kwa kila mgonjwa. Kinyume chake ni hatari zaidi: beji ya nje inayosoma sifuri kwa mtu anayeshinda kwenye C-arm. Hiyo ilikaa kabatini, na dozi yake halisi haijulikani.

Kuna pia beji ya kulinganishia, isiyovaliwa na mtu. Ikae ofisini, mbali na mashine. Usomaji wake hupunguzwa kutoka kwenye usomaji wa kila mmoja, kwa hiyo ikiwekwa chumba cha eksirei wote mtaonekana salama kwa uongo.

Kikomo cha dozi ni wastani wa milisiverti (kipimo cha dozi ya mionzi) 20 kwa mwaka katika miaka 5, na usizidi 50 mwaka wowote. Lakini usingoje kikomo: picha za kawaida hukupa chini ya 1 kwa robo, hivyo namba ikiruka, uliza mara moja. Ukiwa mjamzito toa taarifa mapema, kwani mtoto asizidi 1 kwa muda uliobaki.

Ukipigwa picha kama mgonjwa, ivue. Ikipotea, ripoti siku hiyo hiyo, usiazime ya mwenzako. Ukihama kituo, beba nakala za ripoti zako zote, maana wastani wa miaka 5 unahesabiwa kwa mtu, siyo kwa hospitali.