Soma na ile namba ya kwenye kisanduku

Mwaka jana nilipigiwa simu asubuhi na mzee mmoja mwenye karakana ya kuchomelea mageti, Unga Limited, Arusha. "Fundi, njoo uone breka yako." Nikajua hilo neno "yako" lina jambo. Mimi ndiye niliyeifunga, miezi mitatu nyuma.

Geti lilikuwa limeegemezwa vibaya ukutani, likateleza na kukata kebo futi moja chini ya DB, yaani ubao wa breka. Shoti. Breka haikukata, ilipasuka. Ganda la mbele lina ufa, masizi yamepanda hadi kwenye kalenda, na nilipoifungua nikakuta vile vidole vya ndani vimeshikana kama vimechomelewa. Mzee aliniangalia tu.

Nilianza kujitetea moyoni: breka C32 ya fezi tatu, kebo ya milimita 6, kosa liko wapi? Kosa lilikuwa kanamba kadogo ndani ya kisanduku kilichochorwa usoni mwa breka, chini ya C32: 4500.

Mafundi wengi tunasoma 32 tu. Hiyo ni mzigo ambao breka inaubeba siku zote, ndiyo inayolinda waya usichemke. Ya kwenye kisanduku ni umeme mkubwa kabisa wa shoti ambao breka inaweza kuukata salama, kwa ampia. Shoti ikizidi hapo, vidole vinaachana lakini moto unaendelea kuruka katikati yake, vinaweza kuyeyuka na kushikana, na ganda halivumilii.

Sasa, transfoma ya kVA 315 iko hatua kama kumi na tano kutoka karakana ile. Kwenye volti 400 hutoa ampia 455 hivi kwa kila fezi. Kibao chake kikisema impidansi (ukinzani wake wa ndani) ni asilimia 4, gawa 455 kwa 0.04: zaidi ya ampia 11,000 pale pale kwenye transfoma. Kebo ya kuingilia hupunguza, ila kebo nene na fupi kama ile inakuacha bado juu ya 6000. Nikafunga ya 10000.

Ukienda mwisho wa laini, mambo yanageuka. Kuna nyumba niliyopima shoti ikaleta ampia 250 tu. Pale 4500 inatosha kabisa, ila sasa tazama herufi, maana ndiyo inayosema shoti ifike wapi breka ikate papo hapo: C32 inaweza kuhitaji hadi ampia 320, kwa hiyo inaweza kuchelewa huku waya unazidi kuchemka. B32 hukata papo hapo kati ya 96 na 160. Hapo niliweka B, na sikuongeza ampia hata chembe.

Kwa hiyo, ukienda dukani usiseme tu "nipe ya thelathini na mbili". Igeuze kwenye mwanga usome kisanduku. Kama fremu yako iko karibu na transfoma, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, apime shoti kwanza. Bei ya kupima haifiki bei ya DB mpya. Na breka iliyokwisha kukata shoti kubwa mimi huibadilisha, hata kama inawaka vizuri. Kuna wateja hununa, wanaona nawalia hela.

Ile iliyopasuka mzee hakuitupa. Ameitundika kwenye msumari pembeni ya DB, na kila fundi akiingia karakanani huonyeshwa kwanza, kisha ndiyo salamu.