Kwa nini baba hufa ukurasa wa kwanza? Maswali yenu kuhusu mapenzi ya ranchini

Toleo lililopita niligusia riwaya za mapenzi za siku hizi, zile zinazotokea kwenye ranchi za farasi za familia huko magharibi ya Marekani: Montana, Wyoming, Colorado, Texas. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotazamia. Leo najibu sita.

Shikamoo dada. Mwaka huu nimesoma riwaya nane za aina hii, na katika sita baba au babu amefariki kabla hadithi haijakolea, kisha unasomwa wosia na binti anarudi kutoka mjini. Waandishi wameishiwa? (Msomaji wa Morogoro)

Marahaba, mdogo wangu. Hawajaishiwa. Kile kifo ndicho kinacholeta swali ambalo riwaya nzima inahangaika nalo: ardhi hii itabaki mikononi mwa nani? Binti na yule msimamizi wa farasi mwenye maneno machache wangeweza kupendana popote, hata kwenye foleni ya benki. Ranchi ndiyo inayowapa kitu cha kupoteza.

Ili uone uzito wake, rudi nyuma kidogo. Mwaka 1862 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kumgawia mtu ekari 160 endapo angekaa juu yake na kuiendeleza kwa miaka mitano. Kule kwenye mvua za kutosha, ekari 160 ni shamba la kulisha familia. Ukisogea magharibi kwenye ukame wa Wyoming au Montana, eneo hilo haliwezi kushibisha hata kundi dogo la ng'ombe. Sheria ya mwaka 1909 ikapandisha kiwango hadi ekari 320 kwa maeneo makavu, na ya mwaka 1916 ikafika 640 kwa ajili ya wafugaji. Bado wengi walishindwa, wakamuuzia jirani na kuondoka. Kwa hiyo ranchi nyingi unazozisoma leo zimeshonwa kwa viraka vya mashamba ya watu walioshindwa. Mhusika anaposema "babu wa babu yangu alibaki wenzake walipoondoka," anasema jambo zito kuliko majivuno ya ukoo. (Na kabla ya hao wote, ardhi ilikuwa ya wenyeji asilia, Wacrow, Washoshone, Wacheyenne na wengine, ambao riwaya nyingi hupita juu yao kimya. Hilo linanisikitisha kila mara.)

Sasa mzee amefariki. Utajiri wote umo ardhini, benki hakuna kitu. Kaka yuko Denver na anataka fungu lake. Dada anataka kubaki, lakini kumlipa kaka kunahitaji mkopo ambao farasi hawawezi kuulipa, maana matajiri wanaotafuta nyumba ya mapumziko chini ya mlima wamekwisha kupandisha bei ya ekari. Waandishi wavivu hutupa lawama kwenye kodi ya mirathi. Ukweli ni kwamba kodi ile ya serikali kuu haigusi mirathi iliyo chini ya kiwango fulani, na mwaka 2025 kiwango hicho kilizidi dola milioni 13 kwa mtu mmoja. Ranchi ndogo mara nyingi haifiki huko. Kisu chenyewe ni mgawanyo wa watoto na madeni ya zamani. Mwandishi anayejua hivyo huandika ugomvi wa ndugu unaouma kweli, kwa sababu hakuna adui wa nje wa kumsingizia.

Jambo jingine ambalo wengi hawaligundui: ranchi "ya ekari elfu kumi" mara nyingi si mali ya familia yote. Katika jimbo la Nevada, kiasi cha asilimia 80 ya ardhi ni ya serikali kuu, na Wyoming ni karibu nusu. Mfugaji hulisha humo kwa kibali cha kulipia, utaratibu uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1934. Kwa hiyo binti hurithi nyumba, maji, bonde la kuvunia nyasi, kibali, na chapa ya familia, ile alama wanayochomwa mifugo. Chapa si pambo la jalada. Husajiliwa jimboni, hurithiwa, na huweza kuuzwa kama mali nyingine.

Na kuna mwisho mmoja wa kweli ambao natamani waandishi wautumie zaidi. Familia inaweza kuuza au kutoa haki ya kuikatakata ardhi viwanja, ikaikabidhi haki hiyo kwa taasisi ya kuhifadhi ardhi, huku yenyewe ikibaki kuwa mmiliki na kuendelea kufuga. Ikilipwa, kaka wa Denver anapata chake, na dada anabaki na farasi wake. Ni mahaba ya makaratasi, lakini mimi nikiyakuta kitabuni nalia.

Mama, ni kweli farasi huzaa usiku? Au ni ujanja wa kuwakesheza wapenzi bandani? (Nakuru)

Ni kweli kabisa, mwanangu. Farasi jike hubeba mimba kama miezi kumi na moja, siku 340 hivi, na wengi huzaa usiku kunapotulia. Siku chache kabla, chuchu zake huota vitone kama nta, na mwenye ranchi akiviona huhamishia blanketi na chupa ya chai bandani. Ndiyo maana tukio hili linapendwa: watu wawili waliokuwa wakikwepana wiki nzima wanalazimika kukaa pamoja gizani, wanong'one, wasubiri.

Lakini angalia jinsi mwandishi anavyolishughulikia. Kuzaa kwenyewe ni kwa haraka, nusu saa hivi au pungufu, na mambo yakienda vyema binadamu hapaswi kugusa chochote. Watu wa farasi wana hesabu yao ya moja, mbili, tatu: ndani ya saa moja mtoto awe amesimama, ndani ya saa mbili awe ananyonya, ndani ya saa tatu kondo la nyuma liwe limetoka. Kuna hofu iliyojificha ndani ya hesabu hiyo. Mtoto wa farasi hapati kinga ya mwili kupitia kondo la mama yake akiwa tumboni; huzaliwa mtupu. Kinga yote imo kwenye dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, na muda wa mwili wake kuipokea ni wa saa chache tu. Asiponyonya mapema, anaweza kufa kwa maradhi madogo.

Sasa fikiria mwandishi anayejua hivyo. Mtoto amesimama, ameanguka, amesimama tena. Saa ya pili inaisha, hajapata chuchu. Yule mwanaume mwenye kiburi anapiga magoti kwenye majani, anakama dang'a kwa vidole vinavyotetemeka. Binti anamtazama. Hapo hapahitaji busu. Riwaya inayoniambia "walimsaidia mtoto wa farasi kuzaliwa, kisha wakakumbatiana" imetupa lulu jalalani.

Mimi ni mwanaume wa miaka 41, fundi magari. Nazisoma riwaya hizi kwenye simu na kuzificha. Nina kasoro? (Hakutaka nitaje mji)

Huna, ndugu yangu. Umeona mtu anayefanya kazi kwa mikono, anayeshindwa kusema la moyoni mpaka karibu achelewe, ukamtambua. Endelea kusoma. Na kama una mke, msomee ukurasa mmoja kwa sauti.

Kwenye majalada kauboi ni Mzungu kila wakati. Hawakuwapo weusi? (Msomaji wa Kiswahili, Minneapolis)

Walikuwapo tangu mwanzo, na nashukuru umeuliza ukiwa huko huko. Texas ya kabla ya mwaka 1865 ilikuwa na watumwa waliochunga ng'ombe na kufunza farasi wa mabwana zao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha na utumwa ukafutwa, kazi waliyoijua ndiyo waliyoiuza: kuswaga makundi makubwa ya ng'ombe kutoka Texas hadi kwenye vituo vya reli vya Kansas. Makadirio yanayonukuliwa sana na wanahistoria ni kwamba kama mmoja kati ya makauboi wanne alikuwa mweusi. Kabla yao walikuwapo wachungaji wa Mexico, na ndio waliowafundisha Waamerika kazi. Hata maneno ranchi na rodeo (mashindano ya makauboi) yametoka kwenye Kihispania chao.

Mkumbuke Bill Pickett, aliyezaliwa Texas mwaka 1870. Ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mchezo wa kumrukia fahali kutoka juu ya farasi na kumwangusha chini kwa pembe. Alifariki mwaka 1932 baada ya kupigwa teke na farasi. Tangu mwaka 1984 kuna rodeo ya makauboi weusi inayozunguka miji ya Marekani ikiwa na jina lake.

Kwa hiyo familia ya weusi yenye ranchi ya farasi Oklahoma au Texas si njozi ya mwandishi. Riwaya za namna hiyo zipo, ila zimechelewa kupewa nafasi rafuni. Zitafute kwa makusudi. Mauzo ni lugha ambayo wachapishaji wanaielewa.

Binti yangu ana miaka 15 na amezipenda. Nimkataze? (Mama wa Tanga)

Usimkataze kabla hujasoma, dada yangu. Riwaya hizi ni za aina nyingi. Zipo za Kikristo ambazo mlango wa chumba hufungwa na msomaji akabaki nje, na nyingi kati ya hizo ni za ranchini. Zipo pia, hasa za miaka hii ya karibuni, ambazo hazifichi kitu na zimeandikwa kwa watu wazima. Jalada halikuambii, katuni ya kofia na kiatu inaweza kuwa ndiyo kali kuliko picha ya mwanaume kifua wazi. Chukua kitabu, pitia katikati, si mwanzo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kuliko vitanda ni yule shujaa anayefoka, anayemfuatilia binti, anayemwamulia, halafu ukali wake ukaitwa mapenzi. Soma na mwanao sehemu hizo. Muulize: farasi angemsogelea mwanaume huyu? Waandishi wazuri wa aina hii hupima tabia ya mtu kwa jinsi anavyomwendea farasi mwoga: anasimama pembeni, anasubiri, anamwacha aje mwenyewe.

Nakaa Kongwa, jirani na ranchi ya ng'ombe, ila farasi sijawahi kumgusa. Natamani kuandika riwaya ya ranchi ya Montana kwa Kiswahili. Inawezekana? Na lazima waoane mwishoni?

Inawezekana, na wewe unayo nusu ya kazi tayari. Unajua vumbi la kundi linalorudi jioni, unajua uso wa mtu anayetazama mbingu zisizo na wingu. Seng'enge iliyokatika ni seng'enge iliyokatika, Kongwa au Montana. Farasi ni adimu kwetu kwa sababu zinazoeleweka, maana mbung'o na tauni ya farasi vimewamaliza wengi Afrika, lakini maneno yake tunayo: tandiko, hatamu, lijamu, kwato. Tenzi zetu za vita zimejaa farasi. Usiogope kuwa lugha itakuangusha.

Makosa ya kuyakwepa ni haya ninayokutana nayo mara kwa mara. Usimpe shujaa farasi wa Kiarabu kwa kuwa jina ni tamu. Mpe Quarter Horse, mfupi, mwenye mapaja mazito, aliyepewa jina hilo kwa kuwa mwepesi kwenye robo maili, kama mita 400. Ana hisia ya kumsoma ng'ombe kabla ng'ombe hajageuka. Chama cha kusajili aina hiyo kiliundwa Texas mwaka 1940. Kile kinundu cha mbele ya tandiko kina kazi: ndipo kamba huzungushwa ng'ombe akishanaswa, na kidole kikibanwa hapo kinaweza kukatika. Mtu wa ranchi aliyepungukiwa kidole gumba hahitaji maelezo ya kurasa mbili.

Usimkimbize farasi kutwa nzima kama pikipiki. Fundi wa kwato aje kila wiki sita hadi nane. Na ukitaka usiku wa hofu, achana na majambazi. Mpe farasi msokoto wa tumbo. Farasi hawezi kutapika, hivyo kinachomsumbua tumboni hakina pa kutokea. Utamwona anakataa chakula, anaparua ardhi kwa mguu, anageuza kichwa kutazama ubavu wake, anataka kujilaza na kujiviringisha. Daktari wa mifugo yuko mwendo wa saa mbili na barabara ina theluji. Wapenzi wako wanamtembeza polepole, wakipokezana kamba. Waache waongee humo, kwa sauti ya chini, maneno yaliyowashinda mchana.

Majira pia. Majira ya joto ndiyo ya kukata nyasi, kuzikausha na kuzifunga marobota, kwa sababu ardhi italala chini ya theluji miezi mingi na kila mdomo utakula kutoka ghalani. Robota zikiisha mwezi wa pili, ranchi inauza farasi. Hapo una sura nzima.

Kuhusu ndoa: si lazima. Msomaji wa riwaya ya mapenzi anakudai jambo moja, wawili hao wawe pamoja mwishoni na tuamini kwamba watadumu. Wakiachana au mmoja akafa, umeandika riwaya ya aina nyingine, na anayo haki ya kukukasirikia. Pete unaweza kuiacha. Hati ya ranchi usiiache. Tuambie jina la nani limeandikwa juu yake.

Ukimaliza sura ya kwanza, nitumie. Na mzee, ukiweza, mwache aishi angalau hadi sura ya tatu, tumzoee.